Barua kwa wajukuu zangu mnaolima juu ya Ruvu

Wajukuu zangu wa Uluguru, salamu nyingi.

Juzi, baada ya mvua ya usiku, niliteka ndoo ya maji kijitoni nikaiacha barazani hadi asubuhi. Chini lilikuwa limetuama tope jekundu, unene wa vidole viwili. Nikalishika kiganjani: udongo wa mashamba yetu wenyewe, ule unaotupa mihogo na migomba, uko njiani kwenda Ruvu. Na mto huo ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, anakochotewa maji mtoto wa Dar es Salaam.

Najua neno matuta linavyowauma wazee wenzangu. Mkoloni aliyachimbisha kwa amri, udongo usio na rutuba ukafukuliwa ukaja juu, na mwaka 1955 Waluguru wakagoma mpaka mpango ukafa. Baba yangu alitupa jembe siku zile, wala simlaumu. Lakini miaka ya 2000 inaishia, wenzetu wa Kibungo Juu walichimba matuta ya fanya juu, yale ya kutupa udongo wa mtaro upande wa juu, na kupanda miti kwa makubaliano, na watumiaji wa maji wa huko chini wakawalipa. Jembe ni lile lile. Safari hii aliyelishika aliulizwa kwanza.

Basi wakija tena wageni na mikataba, msisaini barabarani. Kaeni kijiji kizima, muulize fedha za mradi zikiisha nani ataendelea kulipa. Na akina mama wawe mbele! Ardhi yetu hufuata lukolo, ukoo wa mama. Mkataba wa wanaume watupu haumjui mwenye shamba.

Kingo za mito ziacheni. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60, nami naona hata bila sheria tungeziacha. Na pale Bunduki, msitu ulipokatika kati ya kaskazini na kusini, kila shamba jipya linazidi kuwatenga wanyama wa pande mbili. Kule kaskazini yuko ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, asiyepatikana nje ya milima yetu hii. Nilimsikia mara nyingi nikiwa kijana. Natamani nanyi mumsikie.

Nina miche ya mikangazi nyuma ya nyumba, imefika magotini. Jumamosi alfajiri nitaishusha kijitoni. Njooni na majembe.

Babu yenu