Mstari mmoja wa wiki ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Juzi pale mwaloni Kirumba kijana mmoja mchuuzi wa dagaa alinionyesha kile kipimo kidogo cha plastiki cha kujipima VVU, amekifunga kwenye kitambaa kama hirizi. Mstari ulikuwa mmoja tu. "Mama, niko salama," akasema. Nikamuuliza, wasiwasi wako ni wa lini? "Wa wiki iliyopita."

Wiki moja! Kipimo cha haraka cha VVU hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya virusi kuingia, na huchukua kati ya siku 23 na 90 kuonekana. Jibu la siku ya saba halisemi lolote kuhusu wiki iliyopita. Apime tena miezi mitatu baada ya tukio, na hadi hapo atumie kondomu. Jibu la miezi mitatu ndilo la kumpa usingizi.

Kinachoniuma zaidi ni zile saa 72 za mwanzo baada ya tukio. Ndani yake angeweza kuanza dawa za kinga, za siku 28. Zilipita hivi hivi.

Na aliyejipima akaona mistari miwili asikate tamaa: aende kituoni wakathibitishe kwa vipimo vingine.

Naomba wahudumu wetu, hasa wa visiwani Ukerewe na Ukara, wamwandikie kila mtu tarehe ya kurudi. Mvuvi huhama na samaki. Karatasi atahama nayo.

Mama muuza chai,
Kirumba, Mwanza