Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: zebaki na ritoti zetu mbili

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na habari ya leseni mmeshaisikia kwa katibu. Mimi muda wangu nautumia kwa zebaki tunayokamatia dhahabu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi mwaka huu.

Mwaka jana tulikubaliana hapahapa kwamba hakuna tena kuchomea dhahabu nyumbani. Mwezi wa pili jioni nikapita kwa mwenzetu mmoja, nikakuta jiko la mkaa mlangoni, juu yake kipande cha bati, na donge jeupe la dhahabu na zebaki linageuka njano taratibu. Mtoto wake alikuwa amechuchumaa pembeni na sufuria, anasubiri jiko hilohilo abandike uji. Sikumgombeza baba yake. Nilimwomba tu amwondoe mtoto pale, kisha nikarudi nyumbani moyo mzito.

Wengi wetu tunaogopa kuishika zebaki kwa mkono. Mkono nao si salama, lakini hatari kubwa iko kwenye mvuke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, ila hata ikikaa tu kwenye kifuniko cha soda inatoa mvuke usio na rangi wala harufu. Ukiuvuta unapita mapafuni, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo. Mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anakuwa msahaulifu, na sisi tunasema ni uchovu wa duara, shimo tunalochimba. Daktari anaweza kuipima kwenye mkojo. Mwenye dalili hizo aende, na aseme wazi kwamba anachoma dhahabu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, makubaliano ya mataifa kuhusu zebaki, mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, ikaingia kwa samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba walikuwepo akina mama wasio na dalili za kutisha, lakini watoto waliowazaa wakawa na ulemavu mkubwa. Mkataba unataka yakomeshwe mambo manne: kumwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuoshwa, kuchoma peupe, kuchomea kwenye makazi, na kuloweka kwa kemikali ya sayanaidi marudio, yaani mchanga uliobaki, yakiwa bado na zebaki ndani. Kwetu nimeyaona yote manne.

Sasa ritoti, yaani chombo cha chuma kinachofungwa, donge linachomwa ndani yake na mvuke wa zebaki unapita kwenye bomba na kupozwa. Tulinunua mbili, zikakaa stoo miezi mitatu. Nilidhani watu ni wakaidi, na hapo nilikosea. Mzee mmoja wa karasha, mashine yetu ya kusagia mawe, ndiye aliyenifungua macho: "Mwenyekiti, dhahabu yangu ikiingia kwenye chuma siioni. Nitajuaje kama itatoka yote?" Basi tukabadili utaratibu. Mwenye mali anapima donge lake mwenyewe, anafunga komeo mwenyewe, anakaa hapo mpaka chombo kipoe, anafungua mwenyewe. Tangu hapo foleni ipo. Ritoti ikitumika vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, na mtu akiiona inadondoka kwenye maji anajua hatanunua nyingine wiki hiyo.

Nawasihi mambo mawili. Msifungue chombo kikiwa cha moto, mvuke wote utawarudia usoni. Na ncha ya bomba msiizamishe sana kwenye maji. Chombo kikipoa kitayavuta ndani, na kinaweza kupasuka.

Bado hatujafika. Dhahabu tunayopeleka mjini inakuwa na mabaki ya zebaki, na wanunuzi huichoma tena ndani ya maduka, mlango umefungwa nusu, vijana wao wakiwa hapohapo. Hilo hatuna mamlaka nalo, lakini kamati imeanza kuzungumza nao.

Leo naomba mpige kura kuhusu banda la kuchomea. Kamati inapendekeza lijengwe nyuma ya karasha, mbali na kisima na nyumba, na wajawazito na watoto wasifike kabisa. Fundi ameshapima eneo, na mchoro uko mezani kwa katibu.