Kabla hujapanda basi la Rombo

Marangu, Desemba 3

Kwako shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka mgombani. Huku wazima, vuli imetunyeshea vizuri, na mlima asubuhi hii ulijitokeza wote, kisha ukajifunika haraka kama bibi harusi aliyeona wageni wamezidi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, pale uliposema mama mkwe huko Rombo ameshatenga debe lako peke yako la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mara ya pili sikucheka.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza. Nakujua. Ungesema "kidogo tu jamani" na mimi ningelegea.

Umeniuliza hivi: mimba ina wiki 34, mtoto ana viungo vyote, kwenye ultrasaundi mmemhesabia mpaka vidole, sasa kata moja ya mbege itamfanya nini? Shangazi yako wa Songea naye anasema glasi ya mvinyo usiku inatuliza tumbo linalokaza na kuleta usingizi. Na mwenzako wa ofisini amekurushia ile habari ya Denmark, kwamba mama akinywa kidogo mtoto hadhuriki. Yote nitayafikia, ila jibu nakupa sasa hivi usije ukalitafuta huko chini: usinywe, mama kijacho. Hata hiyo kata moja.

Si kwamba naidharau mbege. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mbege, na bado nikisikia harufu yake namwona mama amefunga kanga kiunoni, uso umejaa moshi. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu mpaka zibadilike rangi ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, hiyo ndiyo nyalu. Pembeni kimea cha ulezi kinasagwa na kupikwa uji, huo ndio mso. Nyalu inachujwa, inachanganywa na mso, na gome la msesewe linatiwa kuleta uchungu. Kesho yake watu wanakunywa. Lakini haikai ilivyo. Ya asubuhi ni tamu, sisi watoto tulikuwa tunaiiba kwa kikombe cha plastiki. Ya jioni inang'ata ulimi. Ya kesho kutwa wanaachiwa wazee waliozoea. Debe ni lilelile! Mama alikuwa anachovya kidole, analamba, anajua imefika wapi. Ila hata yeye usingemuuliza ina kilevi asilimia ngapi. Bia imeandikwa ubavuni. Kata haina maandishi, na ukubwa wake unategemea kibuyu kilivyoota. Kwa hiyo ukisema "kidogo", mimi nauliza kidogo gani?

Sasa hilo la viungo kukamilika. Hapo ndipo na mimi nilinasa, miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa na mimba ya Baraka. Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, mimba ina wiki 36, miguu imevimba, nikajiambia huyu ameshaiva, anasubiri kutoka tu. Nikanywa kata mbili. Baraka unamjua, yuko darasa la sita na mdomo wake haupumziki. Lakini tafadhali usimchukue kuwa ushahidi. Mtu akivuka barabara pale Himo amefumba macho na akafika ng'ambo salama, hatumwajiri kufundisha watoto kuvuka barabara.

Aliyenifungua macho ni wifi yangu mkunga, yule aliyestaafu juzi. Alinikuta siku nyingine na chupa ya bia nyeusi mezani. Nikamwambia nimeshauriwa na nesi, kwenye kliniki ambayo sitaitaja, kwamba bia nyeusi inaongeza damu. Wifi hakufoka. Alivuta kigoda akasema, "Vidole vilishamalizika zamani. Ubongo ndio kwanza uko jikoni."

Maneno hayo hayajanitoka. Miezi mitatu ya mwisho ndiyo ubongo unakua kwa kasi kubwa, na bado unaendelea mtoto akishazaliwa. Pombe unayokunywa inapita kwenye kondo la nyuma, na baada ya muda si mrefu kiasi kilichomo kwenye damu ya mtoto kinakaribiana na cha kwako. Wewe una ini la mtu mzima. Lake bado changa, haliwezi kuisaga, anasubiri damu yako ndiyo imwondolee. Isitoshe, nyingine inaingia kwenye maji ya uzazi anamoogelea, na maji hayo anayameza, anayakojoa, anayameza tena. Wewe umeshalala, umeamka, unasonga ugali, mwenzio bado yuko kwenye kata.

Kuna jambo jingine alilonieleza ambalo ni la wiki za mwisho hasa. Mtoto aliyekaribia kuzaliwa anafanya mazoezi ya kupumua humo tumboni, kifua kinapanda na kushuka ingawa hamna hewa. Watafiti waliwahi kuwapa wajawazito wa wiki za mwisho pombe, kiasi cha glasi moja hivi, wakamtazama mtoto kwa ultrasaundi. Mazoezi yale karibu yasimame kabisa, na yalichukua muda mrefu kurudi. Glasi moja, Rehema.

Bia nyeusi na damu tusiitafute. Kinachoongeza damu ni vile vidonge vya kliniki vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo najua unavikwepa kwa sababu vinakufungia choo. Vimeze. Meza na maji ya limau au chungwa, na chai iache kando kwanza, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni vidonge hivyohivyo.

Kwa shangazi nitakuwa mpole, kwa sababu hakukosea peke yake. Miaka ya 1960 na 1970 hospitali zenyewe zilikuwa zinawatundikia wajawazito dripu ya pombe ili kuzuia uchungu uliokuja kabla ya wakati. Sikutanii. Daktari Fritz Fuchs, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi New York, ndiye aliyeieneza sana. Pombe inaibana oksitosini, homoni inayosukuma uchungu, kwa hiyo walidhani wamepata dawa. Kina mama wakawa wanalewa kitandani na kutapika, na watoto nao wanazaliwa na kilevi mwilini. Ikaja kuachwa. Sasa kama hospitali iliyokuwa inahesabu tone kwa tone iliona haifai, shangazi na glasi yake ya mvinyo wa Dodoma anapima kwa nini?

Na kwako wewe kuna hatari ya karibu zaidi. Tumbo kukaza kidogo na kuachia ni kawaida wiki hizi. Kunywa maji, lala kwa ubavu wa kushoto, litulie. Lakini likianza kukaza kwa mpangilio, au maji yakachuruzika, au ukaona damu, hapo ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Mtu aliyekunywa ili tumbo litulie analala na dalili zake. Tena mvinyo utakuzidishia hicho kiungulia unacholalamikia kila siku.

Habari ya Denmark ni ya kweli, mwenzako hakutunga. Mwaka 2012 watafiti wa huko walitoa matokeo ya watoto wa kina mama 1,628, wakawapima watoto wakiwa na miaka mitano, na kwa wale ambao mama zao walikunywa kidogo au kwa wastani hawakuona tofauti kubwa kwenye akili na umakini. Ila alikukatia mkia. Watafiti haohao walisema bado ni salama zaidi mjamzito asinywe. Kutoona kitu kwa mtoto wa miaka mitano hakumaanishi hakipo; kuna mambo yanajitokeza akifika darasa la nne, hesabu zinapomkataa na mwalimu anamwita mtukutu. Waingereza nao walikuwa wanamruhusu mjamzito glasi moja moja, lakini mwaka 2016 waganga wakuu wao wakaamua kusema wazi: salama ni kutokunywa kabisa. Sababu yao ndiyo yangu. Hakuna aliyeweza kuchora mstari akasema hapa bado, hapa umevuka.

Mama mkwe atakwambia, "Mimi nimezaa saba na nilikunywa." Usibishane naye hata kidogo. Jambo hili la pombe kumdhuru mtoto tumboni ni geni hata kwa madaktari. Paul Lemoine, daktari Mfaransa wa Nantes, aliandika mwaka 1968 kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi, na wachache sana walimsikiliza. Ni mwaka 1973 ndipo madaktari wa Seattle, Marekani, walipolipa jina. Mama mkwe wako wakati huo ameshabeba mimba ngapi? Na wengi wa watoto walioathirika hata sura haioneshi, utamwona tu ni mzito wa kushika mambo au hatulii. Nani angejua kuunganisha na kata?

Basi namna ya kukataa bila kumvunjia heshima, maana najua hili ndilo linalokunyima usingizi kuliko hayo ya ubongo. Usianze na "daktari amenikataza". Uchaggani kila mtu ameshakatazwa kitu na daktari, na bado anakila. Kata ikija, ipokee kwa mikono miwili, useme "aika mae", asante ya Kichagga, uinyanyue mpaka mdomoni, iguse mdomo tu, usimeze. Kisha mpe shemeji yangu, mumeo, papo hapo, mbele za watu, useme: "Mwenye mzigo ataninywea." Watacheka, na yeye hatakataa, nani atakataa? Lakini ongea naye kabla hamjaondoka Dar, asije akajifanya mcha Mungu siku hiyohiyo.

Halafu muombe mama mkwe mso. Ule uji wa ulezi ukiwa bado wa moto, kabla haujakutana na nyalu. Mwambie ndio unautamani, kwamba mtoto anauomba. Hilo litamfurahisha kuliko ungemaliza debe, kwa sababu mso ni mkono wake mwenyewe, na mkamwana anayejua kuuomba kwa jina anahesabiwa ni wa kwao. Siku nikija nitauomba na mimi.

Ukishajifungua watarudi na wimbo mwingine, kwamba mbege inaleta maziwa. Ile oksitosini niliyokutajia ndiyo hiyohiyo inayoachia maziwa yatoke, na pombe inaibana vilevile. Philadelphia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliwapima watoto wakinyonya baada ya mama kunywa, wakakuta wananyonya kwa bidii lakini wanapata maziwa machache. Kinacholeta maziwa ni mtori, maji mengi na mtoto kunyonya mara kwa mara. Mtori utaupata mpaka uukimbie. Mzazi huku halali njaa.

Zile glasi mbili za kitchen party ya mwezi wa tano, kabla hujajijua, acha kuzilia. Nimeisikia sauti yako ilivyobadilika ulipozitaja. Mwambie mkunga ukweli siku ya kliniki, aandike kama anataka kuandika, basi. Uliacha, na kuacha kunamsaidia mtoto wakati wowote mtu anapoacha. Ninayemhofia ni yule wifi yako uliyesema naye ni mjamzito na anakunywa kila siku tangu asubuhi. Huyo msimfungie ndani mkamwambia aache leo. Aliyezoea hivyo akikata ghafla anaweza kutetemeka mpaka akapata degedege. Apelekwe hospitali akaachishwe taratibu. Na msimcheke.

Sasa safari. Jumamosi ijayo utakuwa wiki 35 na ushee, na kutoka Dar ni kutwa nzima kwenye basi. Kadi ya kliniki iweke kwenye pochi ya mkononi, si kwenye begi la chini ya basi. Kila likisimama shuka utembee kidogo, hata kama kondakta anapiga kelele. Nitakuwa Himo kuanzia saa tisa, nina chupa ya chai ya tangawizi na shuka la kukuwekea mgongoni, tutapanda wote mpaka Mkuu. Baraka anataka kuja akubebee begi, ingawa najua anachotaka ni zile biskuti za ubuyu. Ziko?

Msalimie shemeji. Mwambie afanye mazoezi ya kunywa kata mbili mbili.

Wako,
Mama Baraka