Barua ya wazi kwa Kamishna wa Makumbusho: mahakama ya saza letu isipigwe plasta

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kutoka chini ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, kuhusu jengo ambalo wazee wetu bado wanaliita lukiko, yaani mahakama ya zamani ya saza (kaunti). Juzi mafundi walishusha mchanga na saruji pale. Tumeambiwa kuta zote zitapigwa plasta na kupakwa rangi. Naomba kazi hiyo isimame mpaka mtu wa idara yako afike.

Naomba hivyo kwa sababu ya mlango mmoja.

Ukiingia ukumbini utaona jukwaa la matofali, kimo cha goti, alipoketi chifu wa saza kusikiliza kesi za mashamba, mahari na kodi ya kichwa. Nyuma yake ukutani kuna alama ya mlango uliozibwa. Matofali ya pale ni mekundu zaidi, na safu zake hazilingani na za ukuta. Mlango ule ulitoka ofisini kwa chifu. Asubuhi alidai kodi ofisini. Mchana alipita pale, akapanda jukwaani na kumhukumu yule yule aliyeshindwa kuilipa. Mpangilio huu wa saza, na chini yake gombolola, kisha muluka, una asili ya Buganda. Huku mashariki uliletwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, na Waingereza wakauendeleza. Baada ya uhuru wa 1962, mahakama za wenyeji ziliingizwa katika mfumo wa mahakimu wa serikali. Chifu akabaki na utawala, kiti cha hukumu kikamtoka. Hapa kwetu mlango ukazibwa. Watoto wetu hufundishwa darasani kwamba utawala na hukumu ni mamlaka mbili. Pale wangeweza kuligusa jambo hilo kwa mkono.

Plasta ikipita, alama imekwisha.

Na saruji yenyewe italiumiza jengo. Matofali yale yalichomwa papa hapa, yakajengwa kwa udongo na chokaa, kabla kiwanda cha saruji cha Tororo hakijaanza kazi miaka ya 1950. Ukuta wa namna hiyo hunyonya mvua, kisha huitoa jua likiwaka. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukwama ndani na tofali humomonyoka lisipoonekana. Jengo halidai mengi: mabati machache yaliyotoboka yabadilishwe, maji yaondolewe kwenye msingi wa veranda, viungo vya matofali vijazwe chokaa. Mafundi wa hapa wanaiweza kazi hiyo wakielekezwa.

Tangu 1967 nchi yetu ina sheria ya kulitangaza jengo la kihistoria kuwa la kulindwa. Sisi wakazi tuko tayari kuandika maombi. Lakini kwanza aje mtu apime ukumbi, apige picha, na azungumze na mzee aliyekuwa karani pale, ambaye bado anakumbuka kila chumba kilivyotumika.

Mafundi wamesema wataanzia ukumbini, Jumatatu.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa saza