Mama, nimekula vya njiani

Maskati, Januari

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Huku wazima sote. Goti la Shangazi limetulia, arusi imepita salama, na baridi ya huku si ile tuliyotishwa nayo; fulana ya mikono mirefu inatosha. Ningekupigia simu, lakini nyumba hii simu husikilizwa na watu sita, na haya ninayotaka kukwambia Shangazi asiyasikie. Barua anakuja nayo kijana wao, yuwaja Unguja Jumapili.

Kwanza nitubu. Ulinishika mkono pale uwanja wa ndege ukanambia, "Usile vya njiani." Nimekula. Nilianza siku ya pili tu na sijaacha. Lakini na wewe, Mama: umetusomesha wote wanne kwa vitumbua na maandazi ya barazani, leo unamkataza mwanao vya njiani? Hao wateja wako hawana mama zao?

Mambo yalianza na chai. Hapa Seeb tunapokaa, kila kona kuna kijimkahawa, na kibao chake kimeandikwa kahawa, ila kahawa humo hunywi. Watu wanafuata chai, inaitwa karak. Gari linasimama nje, dereva anapiga honi, kijana anatoka mbio, anaagizwa dirishani na kurudi na vikombe vya karatasi. Hashuki mtu. Mie nilishuka, nikaenda kusimama mbele ya jiko, binamu yangu kule garini anajificha uso kwa haya. Sasa ukikaa garini utaonaje inavyopikwa?

Wapishi wengi ni Wamalabari, watu wa Kerala. Jina hilo la karak asili yake Kihindi, kadak, yaani kali. Majani yanatokota na maji mpaka rangi inakuwa kama kutu, ndani mna iliki iliyopondwa na maganda yake, na sukari bila huruma. Kisha yanatiwa maziwa ya kopo, yale mazito yasiyo na sukari. Inapanda, anaishusha moto. Inapanda tena, anaishusha tena. Halafu anaiteka kwa upawa na kuimimina kutoka juu, mara hata sijui ngapi, mpaka itoe povu. Nimesimama pale asubuhi tatu, na naona siri ni hayo maziwa: yanahimili majani mengi na chai isiwe chungu. Kikombe baisa 150, na riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo ni kama shilingi elfu moja ya kwetu. Nikakupigia hesabu ya makopo kwa bei ya pale Darajani, nikaona biashara yako ingekufa kabla ya Ijumaa. Usiwapikie wateja. Mpikie Baba.

Cha kulia na chai hiyo ni chapati ya kukunja, wao huita parata, inapakwa jibini laini na pilipili ya chupa, kisha wanaivunjia juu pakiti nzima ya chipsi, zile za Chips Oman, na kuisokota. Nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana urojo wetu nao tunauvunjia nini juu kama si chipsi za muhogo?

Na maandazi yapo! Yamo katika kabati la kioo, na jina ni hilohilo, mandazi. Nikanunua mawili. Makavu, Mama. Iliki imo, tui halimo. Nikasema peke yangu, "Hili halina nazi," na mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu akajibu, "Na hamira wamezidisha." Kiswahili safi cha Ng'ambo, kile cha bibi. Amezaliwa Unguja, akaondoka 1964 akiwa bado mtoto wa skuli. Hakuniuliza siasa wala nani kafa. Aliniuliza kama mkate wa kumimina bado unapaliwa makaa juu na chini. Nikamwambia Mama yangu hupika hivyo kila Ramadhani. Akatikisa kichwa, akanilipia chai. Tangu siku hiyo nikifika huwa kashaniagizia.

Usiku ni mishkaki. Moshi unauona kutoka barabara kuu, na magari yamejipanga. Vipande vidogo, vimelowekwa, na pembeni sosi ya ukwaju yenye pilipili. Nisamehewe na watu wa Forodhani, lakini nyama ya huku laini zaidi. Forodhani tunashinda kwa upepo wa bahari, na kwa samaki.

Nizwa tulikwenda Ijumaa asubuhi, mnada wa mbuzi, wanazungushwa duarani na watu wanataja bei. Nilikula halua ikiwa bado ya moto, ina zafarani na maji ya waridi, na kahawa ya finjani. Nilisahau kutikisa finjani kuonyesha nimetosheka, wakanijazia mara tano. Halua ya Pemba haina haja ya kuona haya mbele ya hii, nakwambia kweli.

Sasa tumbo. Siku mbili sikuinuka kitandani, na Shangazi akatangaza nyumba nzima kuwa ni vile vya njiani. Sikubisha, mgeni habishi. Lakini ukweli ni saladi ya ukumbi wa arusi, ile ya mayonezi, ilikaa mezani tangu magharibi mpaka karibu saa sita za usiku tukisubiri bwana arusi. Meza yetu tuliugua wanne, na wale watatu wengine hawajawahi kununua hata karanga njiani.

Nakuletea makopo sita ya maziwa na halua kilo mbili. Jambo moja la haraka: yule mzee amemshawishi mpishi ajaribu maandazi ya tui, na mimi nimetajwa kuwa ndiye mjuzi. Nimesema kilo moja ya unga kwa tui la nazi mbili. Hamira sikuweza kusema, maana wewe hutia kwa jicho. Nitumie sauti kwenye simu, kijiko kikubwa au kidogo, na useme polepole kwa sababu nitamsikilizisha mzee naye.

Msalimie Baba na wadogo zangu.

Mwanao