Barua ya wazi kwa wenye biashara ndogo: itoeni kazi vichwani mwenu

Wanangu mliofungua biashara, na sasa mna watu watatu, watano au kumi mnaowalipa kila mwezi,

Nawasalimu. Malalamiko yenu nayajua: watu hawajitumi, hawakai, na bosi akitoka kidogo tu kazi inalala. Kabla hamjatafuta kasoro kwa wafanyakazi, tafuteni karatasi. Mteja apunguziwe bei hadi wapi? Nani ana ruhusa ya kukopesha? Mzigo ukifika pungufu aambiwe nani, na kabla ya dereva kuondoka au baadaye? Majibu yote mnayo, lakini yamo vichwani mwenu. Mfanyakazi anabaki kubahatisha. Akipatia, hakuna anayeona; akikosea, anafokewa mbele ya wateja. Mtu wa hivyo ataondoka hata mkimwongezea mshahara.

Tuanze na kuajiri, maana wengi wenu huajiri mkiwa mmechoka. Kwa wiki mbili kwanza, kila mmoja aandike anachofanya na muda kinaochukua. Mara nyingi mtakuta kazi imekwama sehemu moja tu, labda oda zote zinasubiri neno lako, na mtu mpya hataondoa hilo. Kuongeza mtu kuna gharama isiyoonekana kwenye daftari la mishahara. Watu 4 wana jozi 6 za kuelewana au kugombana. Wakiwa 8 jozi ni 28. Wakiwa 12 ni 66. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913: walipokuwa 8, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu aliyoitoa akiwa peke yake. Sehemu ya nguvu hupotea kwa kutovuta kwa wakati mmoja, na nyingine kwa kutegeana. Dawa yake ni kila kazi iwe na mwenyewe mmoja, kwa jina. Kazi iliyoandikwa “sote” haina mtu.

Kwenye usaili, waulizeni waombaji wote maswali yale yale matano au sita, na kila jibu lipewe alama 1 hadi 5 hapo hapo, kabla hamjaanza kusimuliana nani amependeza. Ulizeni aliyoyafanya, msiulize angefanya nini. Kila mtu ni hodari kwenye “ningefanya”. Kisha mpeni nusu siku ya kazi halisi, na mmlipe. Mkimpigia mwajiri wake wa zamani, swali moja linatosha: ungemwajiri tena? Sikilizeni na kile kimya kinachotangulia jibu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenu jembe lianze siku ya kwanza, ila asilime shamba peke yake. Siku hiyo awe na mtu mmoja wa kumuuliza, ajue saa za kazi, tarehe ya mshahara, na mambo matatu asiyoruhusiwa kuyaamua. Katika kumfundisha, hatua ni nne: anaangalia, anafanya nawe, anafanya ukiangalia, anafanya peke yake kisha anakueleza alivyofanya. Wengi hutoka ya kwanza wakarukia ya nne, halafu wanasema kijana ni mzito. Kaeni naye siku ya 30, ya 60 na ya 90, mkiwa na maandishi ya mlichokubaliana.

Sasa jambo ninalotaka mlishike kuliko yote. Chukueni karatasi kubwa. Safu za kushuka ziwe kazi zote za biashara: kufungua, kupokea mzigo, kufunga hesabu, kujibu malalamiko, kuagiza. Safu za kulala ziwe majina, na jina lako pia. Jazeni 0 kwa asiyejua, 1 kwa anayeweza akisimamiwa, 2 kwa anayeweza peke yake, 3 kwa anayeweza kufundisha. Halafu someni kazi moja moja. Kazi yenye 2 au 3 moja tu ni shimo. Mtu huyo akiugua, biashara inaugua naye. Mkikuta 3 zote ziko kwenye jina lako, mmempata mgonjwa. Kila mwezi chagueni shimo moja, aliyebobea amfundishe mwenzake, na wakati wa kufundisha utengwe ndani ya saa za kazi. Mtu akifundisha kwa muda wake wa mapumziko atafundisha nusu. Tena wapo wanaoficha ujuzi kwa kuogopa kuachishwa. Hao waambieni wazi kwamba kufundisha ndiko kunakopandisha cheo na malipo, na iwe kweli.

Pesa nitaipitia haraka. Mshahara uwe na tarehe moja. Wekeni akiba ya mishahara ya mwezi mmoja kwenye akaunti isiyoguswa. Ikibidi kuchelewa, semeni siku tatu kabla, tajeni tarehe mpya, na anayekosa wa kwanza awe mwenye biashara. Kamisheni ihesabiwe kwenye pesa iliyoingia. Ikihesabiwa kwenye mauzo, mtauza kwa mkopo hadi mtaji uishe. Anayepokea pesa asiwe yeye anayelinganisha hesabu jioni. Hilo linamlinda mwaminifu, maana siku pesa ikipungua hatashukiwa bure.

Makosa je? Mtafiti wa Marekani Amy Edmondson, miaka ya 1990, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini. Vikundi vyenye uongozi mzuri vilionekana kuwa na makosa mengi zaidi, na sababu ni kwamba watu wake hawakuogopa kuyasema. Kwa hiyo kukiwa kimya sana kazini, msifurahi. Kosa likiletwa, ulizeni kwanza nini kiliruhusu litokee, kisha nani. Likirudi mara tatu kwa watu tofauti, kibovu ni utaratibu wenu. Kosa la kuficha au la wizi ni kesi nyingine, msizichanganye.

Ndugu mliyemwajiri awe na mkataba, zamu na onyo kama wengine; wenzake wanamtazama yeye kujua kama sheria zenu ni za kweli. Na asiyefaa msimvumilie miaka kwa huruma, kwani wachapakazi wanaobeba mzigo wake ndio watakaoondoka kwanza. Mwambieni kosa lenyewe, kiwango kinachotakiwa na muda wa kujirekebisha, kwa maandishi. Someni sheria ya kazi ya nchi yenu kabla ya kumwachisha, na stahili zake zilipwe zote.

Mkishafanya haya kwa miezi mitatu, ondokeni siku tano na simu iwe ya dharura tu. Mkirudi, msiulize mauzo kwanza. Ombeni orodha ya maswali yaliyokosa mtu wa kuyajibu, na kila swali liandikiwe jibu lake na jina la atakayeliamua safari ijayo.

Mzee wenu