Mafuta ya cherehani hayatibu saa

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani umemshauri msomaji ambaye Seiko 5 yake inachelewa afungue mfuniko wa nyuma, adondoshee mashine mafuta ya cherehani, kisha afunge. Naomba nafasi nipinge, kwa kuwa ushauri huu umeua saa nyingi kuliko maji ya chumvi.

Ncha za mhimili wa balansi, yaani gurudumu linalozunguka kwenda na kurudi kupima mwendo wa saa, zina unene wa takriban milimita 0.1. Tone moja la kopo la cherehani ni gharika. Kila jiwe jekundu ambamo ncha huzunguka lina kijibakuli kinachoshika mafuta yakae ilipo ncha. Yakifika nusu ya kijibakuli, yanatulia. Yakifurika, bati la pembeni linayavuta, yanatambaa yote, na ncha inabaki kavu kuliko mwanzo. Mengine huingia kwenye springi ya balansi, mizunguko yake ikagandana na springi ikawa kama imefupishwa. Hapo saa iliyokuwa ikichelewa huanza kuwahi, tena kwa dakika nyingi, na mwenyewe akadhani imepona.

Isitoshe, saa inayochelewa kwa uzee huwa na mafuta tayari, ila yameganda na kuchanganyika na unga wa chuma. Ukiongeza mapya juu yake unatengeneza msasa wa majimaji unaokula ncha. Kwa hiyo kazi ni kuosha kwanza, na kuosha maana yake ni kufungua mashine yote.

Kwa 7S26, mashine iliyomo katika Seiko 5 nyingi, springi kuu, inayoendesha saa, ifunguliwe nguvu kabla ya kugusa uma wenye mawe mawili, ule unaoachia magurudumu jino moja moja: shika skrubu ya gurudumu la springi kwa bisibisi, sukuma kizuizi pembeni, liachie lizunguke taratibu. Ukiutoa uma springi ikiwa imejaa, magurudumu yanafyatuka na ncha zinakatika. Vipande vioshwe kwa petroli nyeupe, na kila tundu la jiwe lizungushiwe kijiti kilichochongwa hadi kitoke safi. Uma usilowekwe kwenye spiriti. Mawe yake yameshikwa kwa gundi ya sheliki, nayo huyeyuka humo.

Mafuta hayawi ya aina moja. Magurudumu ya kasi na balansi hupata mepesi kama 9010 ya Moebius, kampuni ya mafuta ya saa. Gurudumu la kati na mhimili wa kopo la springi, yaani kasha linalobeba springi kuu, vinavyobeba nguvu nyingi kwa mwendo wa pole, hupata mazito kama HP1300. Mawe ya uma hupata 9415, kwenye uso unaosukumwa na meno. Ncha za uma wenyewe huachwa kavu, na meno ya magurudumu hayatiwi kitu. Fundi anayeyapaka hajui kazi. Ukuta wa ndani wa kopo hutiwa grisi ya breki, 8217, kwa sababu springi ya saa ya kujiendesha, inayojijaza mkono unapotikisika, haikufungwa mwisho: ikijaa lazima iteleze, lakini isiteleze mapema. Ukiweka grisi ya kawaida, saa inazima usiku juu ya meza.

Kuhusu vipuri, springi kuu iliyotolewa ikabaki imejikunja badala ya kufunguka kwa umbo la S imechoka. Kwa 7S26 huuzwa kopo zima lenye springi ndani, na ni afadhali kununua hilo. Kwingine pima urefu, upana na unene. Springi nene kupita kiasi huifanya balansi izunguke mno hadi igonge uma kwa nyuma, saa ikakimbia vibaya. Ukichukua kipuri kwenye saa mbovu, tazama herufi ya mashine: 7S26A na 7S26C hazibadilishani kila kitu. Mpira wa mfuniko ubadilishwe kila saa inapofunguliwa, upakwe grisi ya silikoni. Huku pwani, kijiti cha kitufe cha kurekebishia ndicho huota kutu kwanza. Kikaguliwe hata kama saa haijaingia maji.

Msomaji wenu, kama amekwisha kudondoshea mafuta, aivue na aiache izime yenyewe. Seiko 5 yenye 7S26 haijazwi kwa kitufe, hujijaza kwa kutikisika. Kila anapoitikisa huiamsha, nayo huendelea kujisaga. Amweleze fundi wazi ni mafuta gani aliyotia, maana springi ya balansi itahitaji kuoshwa peke yake.

Fundi saa,
Tanga